Huduma ya kuhakiki barua pepe za fomu: nunua inayokubali kusema "sijui"

Lalamiko ni lilelile: fomu ya tovuti imeunganishwa na huduma ya kulipia, anwani zote zimepita, na bado ujumbe unarudi. Kasi na bei kila muuzaji atakutangazia mwenyewe. Asichokitaja ni vikoa pokea-vyote, yaani vikoa (sehemu ya anwani baada ya @) vinavyokubali barua kwa jina lolote.

Huduma hizi huiuliza seva ya mpokeaji kwa amri ya RCPT TO, ile inayotaja anwani ya mpokeaji, kisha hukata mazungumzo bila kutuma kitu. Jibu la 550 kwa kawaida maana yake kisanduku hakipo. 250 maana yake anwani imekubaliwa. Kikoa pokea-vyote, hata ukikiuliza jina la kubuni, hujibu 250. Tena zipo seva zinazomrudisha mgeni kwa 450 au 451 ili ajaribu baadaye, na fomu haiwezi kungoja. Huduma mbovu huita anwani ya pokea-vyote "sahihi" na iliyojibiwa 450 au 451 "batili": takataka inaingia, mteja wa kweli anafukuzwa.

Pima kabla ya kulipa. Chukua kikoa chako, kiruhusu kipokee anwani yoyote, kisha hakiki herufi za ovyo mbele ya @. Ukiambiwa "sahihi", achana nao.

Wa kwanza kwangu ni Kickbox, na sifichi upendeleo. Majibu yake huja na alama ya accept_all (pokea-vyote) peke yake, kwa hiyo unaamua mwenyewe la kufanya. Mtu akiandika gmial.com, sehemu ya did_you_mean hupendekeza gmail.com, mwonyeshe pendekezo hilo, usimbadilishie kimyakimya. Ufunguo wa API, yaani msimbo wa siri unaoiunganisha fomu na huduma, ukae kwenye seva yako, la sivyo wengine watakula salio lako.

ZeroBounce ni ya pili: nayo hutenga catch-all (pokea-vyote) na unknown (haijulikani), ila hadhi zake ni nyingi na kila moja inataka kanuni yake. NeverBounce ya tatu, nyepesi kuunganisha.

Rahisi kabisa ni kukagua muundo wa anwani na rekodi ya MX, ile inayotaja seva inayopokea barua za kikoa. Hunasa vikoa visivyopokea barua, basi. Isikatae alama ya +, ni halali.

Anwani zenye mashaka zipitishe, uzitumie kiungo cha kuthibitisha.

Na hawa wanaojisifu kwa asilimia za usahihi bila kusema kama pokea-vyote zilihesabiwa! Wengine huuza salio kwa maelfu, kisha huliua likikaa. Waulize kwa maandishi: jibu la "haijulikani" linakatwa salio au halikatwi?