Rimoti inayojichaji kwa taa za sebuleni: uzoefu wangu

Televisheni yetu ya Samsung ilikuja na rimoti isiyo na mfuniko wa betri. Mgongoni ina kipande cheusi cha sola, chini ina tundu la USB-C. Inaitwa SolarCell, ilitoka mwaka 2021. Nimekaa nayo vya kutosha kusema kwa dhati kwamba inafanya kazi, tena kwa mwanga wa ndani ya nyumba, bila kuipeleka juani.

Wengi hawaamini, maana sola tumezoea kuiona juu ya bati. Kweli mwanga wa ndani ni hafifu mno. Jua la mchana hufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, wakati sebule yenye taa nzuri usiku huwa na laksi 100 hadi 300 tu. Simu huwezi kuichaji kwa mwanga huo. Rimoti lakini haili umeme namna ile: unabonyeza, inatuma ishara fupi, inarudi kulala. Inachotumia jioni nzima ni kidogo sana, na taa inaweza kukirudisha. Kalkuleta za dukani zimeishi hivyo miaka mingi.

Kazi yote iko kwenye kuilaza. Ukishabadili chaneli unaiweka kifudifudi, vitufe chini, mgongo utazame taa. Wageni wataigeuza, nawe utaigeuza tena mpaka nyumba nzima izoee. Yetu hukaa kwenye stuli karibu na dirisha, na mchana hapo ndipo inaposhiba, hata jua lisipoipiga moja kwa moja. Kiwango cha chaji unakiona kwenye mipangilio ya televisheni.

Na jamani, msiivishe nailoni! Najua majumbani kwetu rimoti hufungwa plastiki ili isichakae. Kwa hii unajinyima mwenyewe: nailoni ikishika vumbi na mafuta ya mikono, mwanga haupiti vizuri. Hata kitambaa cha kudarizi cha mezani kikiifunika, kazi imesimama. Futa mgongo wake kwa kitambaa kikavu, basi.

Mwenye sebule ya balbu moja na mapazia mazito asitegemee mwanga peke yake. Achomeke waya wa USB-C mara mojamoja.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba tumeachana na yale ya kuanika betri juani, kuzing'ata, na kuipiga rimoti kiganjani mpira ukiwa dakika ya mwisho. Na betri zilizokufa zilikuwa zinaishia wapi? Kwenye shimo la taka, zinachomwa pamoja na maganda, watoto wanaokota zilizobaki. Samsung walikadiria kwamba rimoti hizi zingeepusha betri milioni 99 kutupwa katika miaka 7. Mimi naangalia droo yetu tu: zamani ilijaa betri ambazo hakuna aliyejua ipi nzima na ipi imekufa.

Kimebaki king'amuzi. Rimoti yake bado inakula betri za kununua, ingawa inalala juu ya stuli ileile, chini ya taa ileile. Wanaotuuzia ving'amuzi nawaomba watuwekee sola mgongoni. Vitufe wanavyo tayari, na taa za kuzichaji tunazo sisi.