Tangi zuri lenye tundu moja pungufu

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikitumia tangi la sigara ya kielektroniki lenye ujazo wa mililita 4, la kioo na chuma cha pua, ambalo hujazwa kutoka juu baada ya kufungua kifuniko chenye hesi. Kwa upande wa ladha na mvuke sina malalamiko yoyote, kwa sababu koili yake, yaani waya unaogeuza kimiminika kuwa mvuke, hupata joto upesi na pamba iliyomo hunyonya vizuri hata kimiminika kizito chenye glicerini nyingi. Kasoro yake ni moja, lakini ni kasoro unayokutana nayo kila siku, nayo ni kwamba kulijaza kunachosha kupita kiasi.

Ukiondoa kifuniko unaona sahani ya chuma yenye tundu moja la mviringo pembeni mwa bomba la katikati. Tundu hilo lina upana wa milimita 3 hivi, na ncha za chupa nyingi za kimiminika zina unene unaokaribia huo huo, kwa hiyo ukiiingiza ncha, tundu linazibika kabisa. Matone mawili matatu hushuka, kisha hewa iliyomo ndani, kwa kukosa njia, hupanda kama kiputo na kukirudisha kimiminika juu hadi kikatapakaa kwenye sahani na vidoleni. Ukiminya chupa kwa nguvu zaidi, mambo huharibika zaidi: hewa iliyobanwa hukisukuma kimiminika kupitia matundu ya koili, pamba hufurika, na unapovuta kwa mara ya kwanza unasikia mgurumo na kupata matone machungu ulimini. Huo si uchafu wa kufuta tu na kusahau, kwa maana nikotini hupenya kwenye ngozi, na kidole kilicholowa kinapaswa kuoshwa papo hapo.

Marekebisho yangu ya kwanza yalikuwa kulipanua tundu lenyewe kwa tupa nyembamba ya duara, na sasa najua kwamba nilikosea. Tundu pana zaidi liliipa hewa mwanya mdogo tu kando ya ncha, na mwanya huo uliziba kila mara mkono ulipoyumba. Aidha, ukingo wa tundu ulisogea karibu mno na mahali pa kukalia mpira wa kifuniko, jambo lililolifanya tangi livuje kidogo kila nilipolilaza. Ilinibidi ninunue sahani nyingine.

Katika sahani hiyo mpya nilitoboa tundu la pili, dogo, lenye upana wa milimita 1.5, upande wa pili wa bomba la katikati, mkabala na lile la kwanza. Nililifungua tangi lote, nikatoa mipira yote, kisha nikaifunga sahani kwenye jiriwa nikiwa nimeizungushia kitambaa ili isikwaruzike. Nilipiga alama ndogo kwa ncha ya msumari ili keekee isiteleze, nikadondosha tone moja la mafuta, nikatoboa polepole bila kukandamiza. Kazi yenyewe ilichukua dakika chache, ila usafi ulinichukua karibu saa nzima, na hapo sishauri mtu yeyote afanye haraka: kingo za tundu zina vinyweleo vikali vya chuma ambavyo lazima vikwanguliwe kwa msasa laini pande zote mbili, na sahani ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi hadi pasibaki chembe hata moja, kwani kitakachobaki humo kinaweza kufika kwenye pamba na hatimaye kinywani. Tundu jipya pia ni lazima liwe ndani ya mzingo wa mpira wa kifuniko. Likitoka nje ya mzingo huo hata kwa nusu milimita, tangi halitaziba tena.

Tofauti iliyopatikana ni kubwa. Sasa kimiminika hushuka kama uzi usiokatika, hewa hutoka taratibu upande wa pili, na tangi hujaa katika muda usiozidi nusu dakika bila tone kumwagika. Bado naifunga pete ya hewa, ile inayozungushwa kufungua na kuziba njia ya hewa ya tangi, kabla ya kujaza. Nikisharudisha kifuniko nalipindua tangi juu chini na ndipo naifungua, ili msukumo wa kifuniko usikipeleke kimiminika kwenye koili.

Asiye na jiriwa wala keekee asijilazimishe, na wala asijaribu kutoboa kioo, ambacho kitapasuka. Kwake yeye inafaa sindano butu ya geji 18, yenye unene wa milimita 1.27, iliyofungwa kwenye bomba la sindano la mililita 5. Ikiingia katika tundu lile lile la asili huacha nafasi ya kutosha pembeni kwa ajili ya hewa, ingawa kimiminika kizito hupita humo polepole. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2016 zililigusa jambo hili zilipotaka ncha ya chupa ya kujazia iwe na urefu usiopungua milimita 9 na iwe nyembamba kuliko mlango wa tangi. Sharti hilo ni zuri, ila wembamba wa nywele moja hautoshi, kwa kuwa hewa nayo inahitaji njia yake.

Kama lilivyotoka kiwandani, nalipa tangi hili nyota tatu kati ya tano. Likiwa na tundu la pili nalipa nyota nne na nusu, na nusu iliyobaki naizuia kwa sababu ya mpira wa kifuniko, ambao ni mwembamba mno na nimeshaubadilisha mara mbili.