Backyard Worlds: kusaka majirani wa Jua bila kumiliki darubini

Huu si mchezo wa kompyuta, na ukiuingia kwa matarajio hayo utachoka mapema. Backyard Worlds: Planet 9 ni mradi wa bure ulioko tangu Februari 2017 kwenye Zooniverse, tovuti ambako watu wa kawaida huwasaidia wanasayansi. Picha zake zimetoka kwa WISE, darubini ya NASA yenye kioo cha sentimita 40, iliyorushwa Desemba 2009 na kuzimwa Agosti 2024. Unaonyeshwa kipande kilekile cha anga kilivyoonekana miaka tofauti, picha zikipishana zenyewe. Nyota za mbali hazitikisiki. Kinachohama ndicho unachokisaka.

Mara nyingi huambulii kitu. Nyota kali huacha miale na vivuli vinavyorukaruka, na mgeni hudhani keshapata. Soma mwongozo kwanza, tena kwa utulivu: kitu kinachosogea taratibu huonekana kama doa jeupe lililogandana na jeusi, na hilo ni rahisi kulipita. Simu yangu ina kioo kidogo, macho yaliniuma. Kwenye kompyuta mpakato mambo yakawa mengine kabisa.

Kinachonirudisha ni aina ya windo lenyewe. Vibete kahawia, vitu vya angani vilivyo kati ya sayari na nyota, ni vidogo mno kuunguza hidrojeni kama Jua linavyofanya, kwa hiyo nuru ya kuonekana kwa macho karibu hawana, ila joto lao dogo hunaswa kwa infraredi, yaani mionzi ambayo macho hayaioni. Kibete kimoja, WISE 0855−0714, kilichotangazwa na mwanaastronomia Kevin Luhman mwaka 2014, kiko miaka ya nuru kama 7 tu kutoka hapa, na joto lake halifikii la mchana wa kawaida wa Dar es Salaam! Jirani wa karibu hivyo, na hakuna aliyekuwa na habari naye.

Sayari ya tisa yenyewe, ile ya kwenye jina la mradi inayodhaniwa kujificha mbali kupita Neptuni, haijapatikana. Lakini watu wa kujitolea humu ndio walioona CWISE J1249, kitu kinachokimbia takriban kilomita milioni 1.6 kwa saa, mwendo unaoweza kukitoa kabisa kwenye galaksi yetu, Njia ya Maziwa. Makala ya kisayansi ilipotoka 2024, majina yao yalikuwemo kati ya waandishi.

Alama ninayoupa mradi: nyota nne kati ya tano. Ukiona kitu, kitafute kwanza kwenye SIMBAD, hifadhidata ya vitu vya angani vinavyojulikana, huenda kinajulikana zamani. Na fungua akaunti kabla ya kuanza, maana ukifanya kazi bila kujisajili wanasayansi hawatajua wamtafute nani.