Adapta ya Wi-Fi kwa ruta ya bendi mbili: ipi ununue ukiwa Mtwara

Umefungiwa ruta ya bendi mbili, yaani inayorusha Wi-Fi kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, simu zote nyumbani zinakwenda vizuri, lakini kompyuta ya mezani au ile mpakato ya zamani bado inasuasua. Mara nyingi ruta haina kosa. Kompyuta hiyo inashika 2.4 GHz tu, bendi ambayo mitandao ya majirani imejazana, na ile ya 5 GHz haiioni kabisa. Adapta ya USB, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta ili ishike Wi-Fi, inamaliza tatizo, ila chagua kwa kuangalia kompyuta yako na kuta za nyumba yako, usivutwe na namba kubwa ya kwenye boksi.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha unaihitaji. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika netsh wlan show drivers, kisha soma mstari wa aina za redio. Ukikuta 802.11a, 802.11ac au 802.11ax, kompyuta tayari inashika 5 GHz. Ukikuta b, g na n pekee, nenda dukani. Na muuzaji akisema adapta lazima iwe ya kampuni moja na ruta, usikubali. Wi-Fi ni kiwango cha wote; adapta ya TP-Link inaunganika na ruta ya Huawei bila shida.

Namba moja naipa AC1200 au AC1300 ya USB 3.0, mfano Archer T4U ya TP-Link. Hiyo 1200 ni jumla ya kasi ya bendi zote mbili kwa Mbps, karibu 867 kwa 5 GHz na 300 kwa 2.4 GHz, na adapta hutumia bendi moja kwa wakati. Bado inatosha na kubaki. Ninachokipenda zaidi ni antena. Mawimbi ya 5 GHz huchoka ukutani mapema kuliko ya 2.4, na anayekaa kwenye nyumba za zamani za Mikindani, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, atalijua hilo siku ya kwanza. Nunua pia waya wa kurefusha USB, uitoe adapta nyuma ya kasha la chuma la kompyuta na kuielekeza mlangoni. Waya huo una faida ya pili: tundu la USB 3.0 lenyewe hutoa kelele inayovuruga 2.4 GHz. Chumba kikiwa mbali sana, rudi 2.4, kasi itapungua lakini mtandao hautakatika ovyo.

Ya pili ni AC600, ile ndogo kama kucha. Inafika Mbps 433 kwa 5 GHz, na kama kifurushi chako ni cha Mbps 20 au 50, hutaona tofauti na ile ya kwanza mkiwa chumba kimoja na ruta. Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato, hii inatosha kabisa. Wanaokaa karibu na bahari waihifadhi pakavu isipotumika, maana hewa ya chumvi hula metali.

Kadi ya Wi-Fi inayofungwa ndani ya kompyuta, kama Intel AX200, ni nzuri kuliko zote kwa utendaji, lakini naiweka ya tatu kwa sababu inataka fundi na uangalifu. AX201 inafanana nayo, ila inakubali bodi fulani za Intel tu, na baadhi ya kompyuta za zamani za HP na Lenovo hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao.

Adapta ya USB ya Wi-Fi 6, yaani 802.11ax, inunue tu kama ruta yako nayo ni Wi-Fi 6 na unatumia Windows 10 au 11.

Ya mwisho, N150 na N300. Nyingi ni za 2.4 GHz peke yake, hata ziwe na antena ndefu kiasi gani. Ziache.

Tafuta neno 5GHz au 802.11ac kwenye boksi, kisha ijaribu palepale kaunta kwenye kompyuta yako. Kwa anayetoka Newala au Tandahimba, kurudi mjini kubadilisha ni nauli nyingine. Draiva, programu inayoiendesha adapta, ikija kwenye sidii na kompyuta haina pa kuiweka, unganisha simu kwa waya wa USB, gawa mtandao, ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji. Halafu jiunge na lile jina la mtandao lenye 5G mwishoni. Halihusiani na 5G ya simu, ni bendi ya 5 GHz ya ruta yako.