Pikipiki ya safari ya mtumba: ipi ununue ukiwa Mbeya, Njombe au Iringa, na ukague nini

Muuzaji akikuambia njoo uione, mwombe asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ukikuta ina moto, ahirisha, urudi kesho asubuhi. Baridi ya Juni ya nyanda hizi haifichi kitu: betri iliyochoka, kabureta chafu na kompresheni hafifu vyote vitajitokeza kabla jua halijapanda.

Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu usiokoma ni oili inayoungua, maana yake ringi au sili za valvu zimekwisha, na hapo bei ishuke sana au uondoke. Mweupe wa asubuhi hupotea injini ikipata joto. Usipopotea, na maji ya rejeta yanapungua, gasketi ya silinda hedi imekufa. Mweusi usikutishe mara moja. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Dar es Salaam inatoa petroli nyingi kupita kiasi. Jeti ndogo zaidi (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) hutibu tatizo hilo. Hata injini nzima hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, basi usiilaumu bure.

Kisha ipeleke mlimani. Ukiwa Iringa, panda kutoka Ipogolo hadi mjini. Ukiwa Mbeya, shika barabara ya Chunya. Ukifungua mafuta ukiwa gia ya juu, mlio ukapanda lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Ukiteremka, kamata bereki ya mbele taratibu: lever ikidunda vidoleni, diski imepinda. Uliza kama imewahi kubebeshwa mizigo mizito, kisha kagua viungio vya fremu na mahali keria inapofungwa. Rangi mpya sehemu hizo peke yake inanitia shaka kuliko kutu. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile alama iliyochapwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzima kwenye tairi kavu la miaka kumi hazitakusaidia kwenye lami yenye mvua ya Tukuyu.

Sasa ipi? Nafasi ya kwanza naipa ndogo, tena bila kusita: Honda XL125, Yamaha XTZ125 na Yamaha AG200. Zina silinda moja inayopozwa na hewa, na fundi wa bodaboda wa Makambako au Mafinga anaweza kuifungua palepale kijiweni. AG200 ilitengenezewa wakulima. Cheni yake imefunikwa, hivyo vumbi haliili haraka. Kweli, malori ya Tunduma yatakupita. Lakini kwenye matope ya Makete utainyanyua peke yako, na kwangu hilo ndilo linaloamua.

Ya pili ni Suzuki DR650. Inapozwa na hewa na oili, haina rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe. Uliza jambo moja: skrubu mbili za swichi ya nyutro zimekazwa upya? Zinajulikana kulegea na kuangukia ndani ya injini.

Ya tatu ni Kawasaki KLR650. Toleo la zamani lina tangi la lita 23 hivi, unakwenda hadi lango la Hifadhi ya Ruaha na kurudi Iringa bila kutafuta petroli njiani. Udhaifu wake ni kile kipande kinachokaza cheni ya balansa (uzito wa kupunguza mtikisiko) ndani ya injini. Hasa kwa zilizotengenezwa kabla ya 2008, dai uthibitisho kuwa kimebadilishwa.

Ya nne ni Honda Africa Twin ya zamani, XRV750. Injini imara sana, ila pampu ya petroli na rektifaya (kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri) husumbua. Pima chaji kwenye betri injini ikizunguka: volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa.

BMW R1200GS naiweka mwisho. Ni tamu kwenye lami, haina cheni, lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na hitilafu zake nyingi zinahitaji kompyuta ya kusomea. Tikisa gurudumu la nyuma juu na chini. Likicheza sana, beringi za difu zinakaribia kwisha.

Kuna mtego mmoja wa huku kwetu. Barabara ya Tunduma, Mbeya na Iringa ni njia ya wasafiri wanaotoka Cape Town kwenda Cairo, na wapo wanaochoka wakaamua kuuza kwa bei ya kuvutia. Pikipiki hizo huingia nchini kwa kibali cha muda. Ushuru usipolipwa TRA, huwezi kuisajili kwa jina lako, na inaweza kukamatwa. Ushuru ulipwe kwanza, ndipo mzungumze bei.

Kwa yenye namba za Tanzania, linganisha namba ya chasisi kwenye shingo ya fremu, na namba ya injini, na zilizo kwenye kadi. Tafuta madeni ya faini kwa namba ya usajili. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako hadi kadi itoke na jina lako.