Laptopu ilianza kugonga tk tk nikadhani mjusi: uzoefu wangu na fundi wa Ngamiani, Tanga

Mi nina kisteshenari changu hapa Ngamiani, natype, naprinti, kadi za harusi, picha za pasipoti, na msimu wa wanachuo ukifika ni ripoti za fildi mpaka usiku. Laptopu yangu ya mtumba, diski yake ile ya zamani ya GB 500 yenye sahani zinazozunguka ndani. Tangu Ramadhani ilikua inaunguruma kama cherehani ya mguu, nikajua feni imejaa vumbi tu nikazoea. Hapo ndo nilikosea, maana ukishauzoea mlio mmoja, wa pili ukija unajificha humo humo.

Wa pili ulikuja jioni moja. Tk, tk, tk, kimya, halafu tena tk tk tk. Nikajua mjusi, nyumba zetu hizi za zamani mijusi wanapiga kelele we acha, nikagonga meza anyamaze. Hanyamazi. Baadae nikaona kila nikifungua folda la harusi ndo mlio unakuja na mshale unaganda, kale kaduara kanazunguka dakika mbili nzima. Mjusi gani huyo anajua nimefungua folda?

Fundi wa kwanza simtaji. Akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena, mara nne nahesabu, akaniambia dada Windows imechoka hii, lete elfu kumi na tano nikupigie mpya. Na mafaili je? "Si una flashi?" Flashi yenyewe ya GB 16 jamani, na mle ndani kuna kazi za miaka mitano. Nikachukua laptopu yangu nikaondoka, na saivi nashukuru, maana kupiga Windows mpya juu ya diski ile ilikua ni kuandika juu ya vitu vyangu vyenyewe.

Mwalimu mmoja mteja wangu ndo akanielekeza kwa huyu wa pili, kibanda kidogo tu, ukipita haraka hukioni. Jina na namba siweki hapa, mwenyewe hajasema nimtangaze. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakugusa batani ya kuwashia. Aliniuliza kwanza, "Dada, mle ndani kuna kitu gani ambacho huna sehemu nyingine yoyote?" Nikamtajia, ripoti tatu za wanachuo na picha za harusi mbili ambazo sijawakabidhi wenyewe. Ndo akachukua bisibisi.

Akafungua mfuniko wa chini, akachomoa diski akaiweka pembeni juu ya kitambaa, halafu akaiwasha laptopu bila diski, kwa flashi yake yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Ikawaka vizuri tu! Akaweka ncha ya bisibisi kwenye bodi karibu na feni na mpini sikioni, kama daktari, akanipa na mimi nisikilize. Ngurumo ipo, tk tk hakuna. Kwahiyo magonjwa yalikua mawili, feni ina vumbi na diski ndo inakufa. Akaichomeka diski kwa waya kwenye kompyuta yake sekunde chache tu, akasema weka kidole juu yake. Niliisikia inagonga kama moyo wa kifaranga, nikatoa mkono.

Alivyonielezea ni hivi, zile sahani zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake bila kugusa. Kikishindwa kupata alama yake kinarudi pembeni kuanza upya, na kule kurudi ndo tk unayoisikia. Kichwa kikiwa kibovu kila ukiwasha unaweza kuwa unakwangua sahani, na kilichokwanguliwa hakirudi. Nikakumbuka zile mara nne za yule bwana nikasikia tumbo linauma. Ila na mimi sio msafi, nilikua naifunika tu bila kuizima natia begani napanda bodaboda, mashimo yote ni yangu. Fundi hakuapa kwamba ndo sababu, alisema na umri pia upo.

Ushauri wa mtaani nilikua nao kibao. Jirani aliniambia funga diski kwenye mfuko weka friza usiku mmoja. Fundi akacheka mpaka akakaa. Kwa joto letu hili la pwani ukiitoa tu inatoka jasho, na maji juu ya zile sahani ndo kwaheri. Mwingine alisema endesha ile programu ya Windows ya kukagua diski irekebishe, nayo akakataa, eti inamkimbiza mgonjwa na inaandika juu yake, kwanza toa mafaili mengine baadae.

Kazi yenyewe aliifanya kwa ddrescue, ni programu ya bure, inanakili diski nzima kwenda diski nyingine, inabeba kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, mbovu inaziruka inazirudia mwishoni. Kinachonifurahisha inaandika kumbukumbu imefika wapi, umeme ulikatika usiku na asubuhi ikaendelea pale pale haikuanza upya. Kutoka saa tisa mchana mpaka kesho yake adhuhuri. Ripoti zote tatu zimetoka salama. Picha kama arobaini za harusi moja zimetoka nusu, juu bibi harusi, chini kijivu kitupu, kwenda kumwambia mama mwenye shughuli ilikua mtihani sitaki kukumbuka. Fundi alisema zipo maabara zinazobadili kichwa ndani ya chumba kisicho na vumbi, ila bei yake inazidi laptopu mara kadhaa, nikaacha.

Malipo: kutoa mafaili elfu hamsini, SSD, yani diski ya kisasa isiyo na sahani, ya GB 256 elfu sabini na tano, kusafisha feni na kubadili ile pasta ya kupozea prosesa elfu kumi. Kwa mimi sio ghali. Wenye laptopu bado nzima, wekeni CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, bure, ikionyesha bluu shukuru, njano anza kunakili leo hii, nyekundu ushachelewa. Ila sio mganga, diski inaweza kufa huku bado bluu. Na SSD haina kinachozunguka, ikifa inakufa kimya, usikae kusubiri tk tk. Saivi kila Ijumaa kabla sijafunga nanakili kwenye diski ya nje nachomoa naenda nayo nyumbani, ripoti za wanachuo naziweka na Google Drive, zile GB 15 za bure kwa maandishi zinanitosha, picha ndo hazitoshi.

Mapungufu yake yapo. Simu hapokei, ukitaka kujua kazi imefika wapi nenda mwenyewe. Risiti mpaka nimeiomba mara mbili. Na kubwa zaidi, mafaili yote ya wateja wangu yalikaa kwenye kompyuta yake usiku kucha, vyeti vya watu, namba za NIDA, na yeye mwenyewe hakuligusia hilo. Ilibidi niombe afute nakala mbele yangu. Alifuta bila maneno, ila ukienda usisubiri akwambie.

Nampa nne kati ya tano. Skrubu moja ya mfuniko wa chini hakuirudisha, nimeziba kwa selotepu.