Makumbusho ya Oldupai: tengeni nusu siku, na mchukueni bibi

Watu wengi hupita Oldupai, korongo la Ngorongoro lilikopatikana mifupa ya jamii ya binadamu wa kale, kama wanavyopita kuchimba dawa njiani. Dakika arobaini, picha mbili, haya twendeni Serengeti. Mwaka huu nilikataa. Nafundisha fizikia sekondari hapa Mto wa Mbu, na kila nikifika mada ya unururifu, yaani atomi zinazojigeuza zenyewe, naona wanafunzi wanaandika tu, hawaamini. Nikamwambia mume wangu: likizo ya Juni tunaenda Oldupai yenyewe, na mama yako anakwenda, na binti naye. Binti yuko kidato cha tatu. Tangu matokeo ya muhula yatoke alikuwa anazungumza na baba yake kupitia kwangu: "Mama, mwambie baba chai iko mezani." Baba mwenyewe amekaa hapohapo.

Nianze na lililoniudhi. Gari la kukodi liliahidiwa saa kumi na mbili asubuhi, likafika saa moja na nusu bila hata samahani. Kampuni siitaji. Halafu tukiwa ukingoni mwa kreta, tumejifunika shuka kwa baridi, dereva akaanza kutufundisha kwamba mifupa ya Oldupai ilipimwa umri "kwa kaboni". Nikajikaza, nikashindwa. Kaboni-14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Ukishavuka miaka kama 50,000 iliyobaki ni kidogo mno kupimika. Pale tunazungumzia miaka milioni. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Njia panda ya kuingilia utakutana na mafuvu mawili makubwa kuliko mtu, la Zinj na la Homo habilis, wawili wa jamii ya binadamu wa kale waliopatikana hapa. Pigeni picha, msimalizie muda hapo.

Kilicho na thamani ni maelezo mnayopewa mkiwa mmelitazama korongo. Tuliomba Kiswahili, tukapewa Kiswahili safi. Mwongozaji alianza na jina: oldupai kwa Kimaasai ni ule mkonge pori uliojaa kote pale, wageni ndio walioligeuza likawa Olduvai. Kisha akashuka na tabaka moja moja, lile jekundu, la chini yake, hadi mwamba mweusi wa volkano ulio chini kabisa. Nami nikaomba dakika tano za kuwaeleza watu wangu saa inavyofanya kazi.

Saa yenyewe haimo kwenye mfupa, imo kwenye majivu ya volkano yaliyoufunika. Ndani ya majivu kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo, ile inayoitwa potasiamu-40, hugeuka polepole. Sehemu yake huwa gesi ya arigoni. Nusu ya potasiamu-40 huchukua miaka bilioni 1.25 kugeuka. Mlima unapolipuka, joto hufukuza arigoni yote ya zamani. Majivu yakipoa, arigoni mpya inanaswa ndani ya chembe, na saa inaanza sifuri. Mama mkwe ni mtu wa Moshi, kapika mbege maisha yake yote. Nikamwambia: mama, ni kama mtungi uliooshwa, povu utakalolikuta ni la pombe mpya tu. "Basi si ungesema hivyo tangu mwanzo," akanijibu.

Zinj aliokotwa na mtafiti Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis, mtafiti mwenzake, alikuwa amelala kambini anaumwa. Louis mwenyewe alikadiria umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 wanasayansi Evernden na Curtis wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, kwa saa hiyohiyo ya potasiamu, wakatoa jibu: milioni 1.75. Karibu mara tatu! Hesabu hiyo nimeiandika ubaoni miaka kumi na moja, lakini kuinyooshea kidole kwenye tabaka lenyewe ni jambo jingine kabisa.

Mama mkwe yeye alivutiwa na lingine. Mahali alipopatikana Zinj wataalamu wa dunia nzima wanapaita FLK, na hiyo K ni korongo, neno letu hilihili. FL ni Frida Leakey, mke wa kwanza wa Louis. Kwa hiyo mke wa pili ndiye aliyeokota fuvu kwenye korongo la mke wa kwanza. Naye Mary ana lake, MNK, kwa jina lake la usichana. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Angalau huyu aligawa sawa."

Ndani ya jengo, msiikimbie nakala ya nyayo za Laetoli, alama za miguu za jamii ya binadamu wa kale. Nyayo halisi ziko kusini, kilomita kama 45 kutoka hapo, zilifukiwa tena ili zisiharibike. Nilinung'unika kidogo kuona nakala, halafu nikasahau. Zilikanyagwa miaka milioni 3.66 iliyopita, kwenye majivu mabichi, msururu wa mita 27 hivi uliogunduliwa mwaka 1978. Mmoja kakanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Binti akauliza kama walikuwa familia. Mwongozaji hakupamba: walielekea upande mmoja, undugu majivu hayakuandika. Bibi hakuridhika. Anayekanyaga nyayo za aliye mbele ni mtoto kwenye tope, akasema, na huyu hapa, akimwonyesha mwanawe, alikuwa akinifuata hivyohivyo masika yote kwenda shambani.

"Kweli baba?" binti akauliza.

Moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Mimi nikajifanya nasoma maandishi ya ukutani.

Mkibakiwa na muda ombeni kupelekwa kwenye mchanga unaohama, kilima cheusi cha majivu chenye umbo la mwezi mwandamo, kinachosukumwa na upepo mita 17 hivi kwa mwaka. Nilibeba sumaku ya maabara. Chembe zilivyoirukia, mume wangu aliniomba niirudie mara nne, mtu mzima yule.

Malipo ni mawili, ya kuingia hifadhi ya Ngorongoro na ya makumbusho; Mtanzania nenda na kitambulisho. Hifadhi inahesabiwa saa 24, hivyo gari likichelewa ni fedha yenu. Bebeni kofia, maji na chakula. Sisi tulikula chapati na maharage ya nyumbani.

Nyota tano nawapa, ya sita ningempa yule mwongozaji. Fuvu halisi la Zinj liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na bibi ameshaanza kuulizia nauli ya basi.